Taa ya sola ya kuua mbu: inaua nani hasa?

SEHEMU YA 1

Mvua zimeanza, mbu wameanza, na wauzaji nao wameanza. Tangu wiki iliyopita inboksi yangu imejaa picha ya kitu kimoja tu: ile taa ya mwanga wa zambarau, ina kijipaneli cha sola juu na nyaya ndani, unaichomeka ardhini au unaitundika mtini, mdudu akigusa unasikia "cha!", kwisha habari yake. Na swali ni lilelile: "Nesi, hii ninunue? Itatusaidia na malaria?"

Najua wengine hamfiki mwisho wa maandishi marefu, kwa hiyo naanza na jibu. Kama lengo lako ni mbu wanaokuuma ukiwa umekaa nje, usinunue. Kama ulishanunua, haina haja ya kuitupa, lakini usiihesabu kama kinga. Na kama wewe ni mjumbe wa kamati yoyote, ya shule, ya kijiji, ya kituo cha afya, na kuna mtu amependekeza zinunuliwe kwa fedha za michango, tafadhali soma mpaka mwisho. Wewe ndiye hasa ninayekuandikia.

Nakaa na kufanya kazi bonde la Kilombero, kwenye mpunga. Mbu nawajua kwa namna mbili: kwa kuumwa nao, na kwa watoto ninaowapokea.

SEHEMU YA 2: SWALI LENYEWE SIO LA KIJINGA

Kuna watu wanawacheka walionunua hizi taa. Mimi siwacheki, kwa sababu wameliona tatizo la kweli.

Miaka mingi sisi watu wa afya tumehubiri chandarua. Na chandarua kimefanya kazi. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka mwaka 2015 ulikadiria kwamba kati ya visa milioni 663 vya malaria vilivyozuiwa Afrika tangu mwaka 2000, asilimia 68 vilizuiwa na vyandarua vyenye dawa. Hapa Tanzania maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka 5 yalikuwa asilimia 18 mwaka 2008, yakashuka hadi asilimia 8 mwaka 2022. Hizo ni roho za watu. Mliofanya kazi wodi ya watoto miaka ya nyuma mnajua nasema nini, kitanda kimoja watoto watatu na damu ya kuongezewa hamna.

Lakini chandarua kinakulinda ukiwa ndani yake. Sasa niambie, saa moja usiku uko ndani ya chandarua? Uko jikoni nje unageuza ugali. Baba yuko kijiweni. Watoto wako uani wanacheza. Dada yuko kwenye meza yake ya chipsi hadi saa tano. Wanaolala kwenye dungu shambani msimu wa kulinda mpunga na nguruwe, hao usiku mzima wako nje. Ukiwa na msiba, matanga yote mnalala uwanjani.

Na mbu hakukaa kimya. Watafiti waliofanya kazi hukuhuku Kilombero waliona kwamba baada ya vyandarua kuenea, sehemu ya mbu wa malaria wanaouma nje iliongezeka ukilinganisha na ile ya ndani. Kuna yule Anofelesi arabiensisi, anauma watu na ng'ombe, nje kwake ni nyumbani. Dunia nzima mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000, asilimia 95 yao Afrika, na wengi wao ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo mtu akisema "tufanye kitu kuhusu mbu wa nje", mimi niko upande wake. Tunachopishana ni kitu gani tufanye.

SEHEMU YA 3: MBU ANAKUTAFUTAJE?

Hapa ndipo penye shida yote ya ile taa, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Kwanza, anayeuma ni jike peke yake. Dume anakunywa maji matamu ya maua, hana habari na wewe. Jike anataka damu ili atengeneze mayai. Anapoanza kuwinda gizani hatafuti taa. Anatafuta pumzi. Ile hewa ukaa tunayoitoa puani inasambaa na upepo, naye anaifuata kama mtu anayefuata harufu ya nyama choma mpaka kwenye jiko. Akikaribia, anasikia harufu ya ngozi na jasho, ile asidi ya laktiki, ile amonia. Akifika karibu kabisa anahisi joto la mwili. Ndipo anatua. Na wengine wakishafika wanapenda sana miguu, ndiyo maana ukikaa nje unajipiga kwenye vifundo.

Sasa angalia ile taa. Inapumua? Haipumui. Inatoa jasho? Hapana. Ina harufu ya mtu? Hapana. Ina mwanga tu. Umeiweka pembeni ya watu sita wanaokula wali, kila mmoja anapumua na kutoka jasho. Mbu mwenye njaa aende kwa nani?

Tena kama umeitundika karibu na mlipokaa umejiongezea kazi. Wadudu wa kila aina watavutwa kuja upande wenu, na kama katika hao kuna mbu, akifika pale atasikia harufu yenu, ataachana na taa.

Halafu kuna mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedesi. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Taa ya kuwaka usiku itamsaidia nini mtu anayeumwa saa nne asubuhi? Ndugu zangu wa Dar mliopitia dengi ya 2014 na ya 2019, taa hii haikuhusu ugonjwa ule hata kidogo.

SEHEMU YA 4: WALIOHESABU

Mtu ataniambia "Nesi, hayo ni maneno, mbona asubuhi nakuta imejaa?" Swali zuri. Kuna watu walikaa wakahesabu.

Mwaka 1996, huko Delaware, Marekani, watafiti wawili, Timothy Frick na Douglas Tallamy, walitoa matokeo ya taa za aina hii, za umeme wa kawaida, zilizotundikwa kwenye nyumba sita za watu majira ya joto. Walikusanya kila mdudu aliyekufa, wakamtambua mmoja mmoja. Jumla walikuwa wadudu 13,789. Wale wanaouma watu, mbu na jamaa zake wote pamoja, walikuwa 31.

Rudia kusoma. Thelathini na mmoja kati ya elfu kumi na tatu na mia saba. Haifiki hata robo ya asilimia moja.

Waliobaki ni kina nani? Karibu nusu ni wadudu wanaozaliwa majini wasiomuuma mtu, ambao ni chakula cha samaki na ndege. Na 1,868 walikuwa ni wale wanaokula wadudu wengine au kuwaua wakiwa wachanga, yaani walinzi wa bustani yako. Kwa kila mdudu mmoja anayeuma, taa iliua walinzi kama sitini.

Najua, Delaware sio Ifakara, mbu wao sio wetu. Lakini hebu tuje nyumbani. Waulizeni ndugu zetu wa Bukoba senene wanakamatwaje siku hizi. Si wanawasha taa kali na kusimamisha mabati? Senene wanamiminika kwenye madebe. Umewahi kusikia mtu wa Bukoba anasema mtaa wake hauna mbu kwa sababu jirani anakamata senene? Na kumbikumbi je, mvua ya kwanza ikinyesha si wanajaa kwenye taa ya barazani mpaka unazima? Wadudu wanaopenda mwanga tunawajua tangu utoto. Mbu wa malaria hakuwahi kuwa kinara wao.

SEHEMU YA 5: FANYA MWENYEWE, USINIAMINI

Kama unayo taa tayari, fanya hivi kesho asubuhi. Chukua karatasi nyeupe au sahani nyeupe. Kung'uta kile kisahani cha chini, mimina kila kitu pale. Chukua simu, washa kamera, vuta karibu.

Mende wadogo na mbawakawa weka upande. Nondo wote weka upande. Sasa umebaki na vile vyembamba vyenye miguu mirefu, ambavyo kila mtu anaviita mbu. Angalia mdomo. Mbu ana mrija mrefu unaochomoza mbele ya kichwa kama sindano. Kama hana mrija huo, sio mbu, ni mdudu wa majini anayefanana naye tu. Ndugu zangu wa Mwanza na Musoma mnawajua vizuri, wale wanaotanda ziwani kama moshi wakaja kujaa ukutani. Hawaumi.

Ukipata wenye mrija, angalia vipapasio vya kichwani. Vikiwa na manyoya mengi kama brashi ya kuoshea chupa, huyo ni dume. Hajawahi kumuuma mtu yeyote. Wenye vipapasio vyembamba ndio majike. Hao ndio uliotaka kuwaua. Wahesabu.

Halafu hesabu kitu cha pili, ambacho ndicho muhimu zaidi. Kaa nje saa moja hadi saa mbili usiku taa ikiwa inawaka, hesabu mara ulizoumwa. Kesho yake kaa palepale, muda uleule, taa imezimwa. Rudia siku kadhaa. Mimi sina haja na mizoga ya wadudu, nina haja na miguu yako. Kama umeumwa sawasawa, ile "cha! cha!" ya usiku kucha imekusaidia nini?

Maana tatizo la hii kitu ni sauti yake. Chandarua hakipigi kelele. Mbu aliyekufa kwa dawa ya chandarua humwoni, anafia uvunguni, siafu wanambeba. Taa inakutangazia kila kifo, hata cha nondo, na wewe unalala umeridhika.

SEHEMU YA 6: "MBONA WATAFITI WANATUMIA TAA?"

Hili aliniuliza kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kukamata mbu kwenye utafiti, na ana hoja. Ni kweli. Upo mtego wa taa ambao watafiti wanautumia Afrika nzima kukamata mbu wa malaria, na unakamata kweli.

Lakini mwulize unatundikwa wapi. Unatundikwa ndani ya nyumba, kando ya kitanda, na kitandani analala mtu ndani ya chandarua. Mbu anakuja kwa sababu ya yule mtu. Anazunguka chandarua, hapati njia, taa iko pale karibu, na mtego una feni inayomvuta ndani. Chambo ni mtu. Ukimwondoa mtu, ukauweka mtego peke yake nje mtini, hutapata kitu cha maana. Taa ya dukani haina mtu na haina feni.

SEHEMU YA 7: KINACHONIUMA MIMI

Kama hasara ingekuwa fedha tu ningekaa kimya. Kila mtu ana haki ya kununua taa yake.

Kinachoniuma ni hiki. Alikuja mama mmoja, mtoto ana miaka mitatu, homa siku ya tatu. Nikamuuliza mbona umechelewa. Akasema, "Nesi, sikudhani ni malaria, sisi kwetu tuna ile taa, mbu tumewamaliza." Alikuwa amempa dawa ya kushusha homa akisubiri ipite. Tukapima kwa kipimo cha haraka, malaria. Mtoto alipata dawa mseto, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini siku tatu kwa mtoto wa miaka mitatu ni nyingi sana. Malaria ikimpanda mtoto inaweza kumfikisha kwenye degedege na upungufu mkubwa wa damu kwa muda mfupi kuliko huo. Nilipouliza kuhusu chandarua, kilikuwepo, kimechanika, na taa ndiyo ilinunuliwa badala ya kipya.

Mama yule simlaumu. Alitumia fedha yake ngumu kuilinda familia, akauziwa uhakika usiokuwepo. Kinga ya uongo inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inachukua fedha ya kinga ya kweli, na inamfanya mtu asiwe na wasiwasi pale ambapo wasiwasi ndio ungemwahisha kupima.

La pili ni la usafi, na hili liwafikie mama lishe na wenye migahawa. Usiitundike juu ya chakula wala karibu na meza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas walionyesha kwamba nzi akipigwa na umeme wa taa hizi anapasuka, na bakteria na virusi alivyobeba vinarushwa hewani. Nzi ametoka chooni, amepasukia juu ya kachumbari yako. Sihitaji kuendelea.

SEHEMU YA 8: SOLA HAINA KOSA

Sasa nisije nikaeleweka kwamba napinga sola au napinga mitego. Hapana. Nataka mjue kwamba jambo hili limeshajaribiwa kwa njia sahihi, tena na majirani zetu.

Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Kati ya mwaka 2012 na 2015, Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Kenya na taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi waliendesha mradi wa SolarMal. Nyumba kwa nyumba waliweka paneli ya sola. Sola ile iliendesha taa za ndani, sehemu ya kuchajia simu, na mtego wa mbu uliotundikwa nje ya ukuta.

Mtego ule haukumwita mbu kwa mwanga. Ulikuwa na harufu ya binadamu iliyotengenezwa maabara, ndani yake mna amonia na ile asidi ya laktiki niliyoitaja, pamoja na kitu cha kuigiza pumzi. Sola ilizungusha feni tu. Mbu anafuata harufu, anadhani amepata mtu, feni inamnyonya, anakaukia ndani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la The Lancet. Maeneo yaliyokuwa na mitego yalikuwa na maambukizi ya malaria pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ambayo yalikuwa hayajafikiwa. Mbu aina ya funestusi, ambaye ni hatari sana, alipungua kwa karibu asilimia 70. Na hayo yote ni watu wakiendelea kutumia vyandarua vyao. Hakuna aliyeambiwa achane na chandarua.

Angalia tofauti. Jua ni lilelile. Kilichobadilika ni chambo, na kwamba kisiwa kizima kilishiriki. Walipima watu walioambukizwa malaria, hawakuishia kupima ujazo wa kisahani.

SEHEMU YA 9: NA HATA UMEME HAUNA KOSA

Kwetu Ifakara nako kazi imefanyika, na inanipa raha kuisema kwa sababu watu wengi hapa hawaijui.

Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, akiwemo Dk. Fredros Okumu, walichapisha majaribio ya harufu ya kutengeneza. Walipoweka harufu kwenye nyumba moja ya majaribio na mtu kwenye nyumba nyingine, harufu ilivuta mbu mara tatu hadi tano kuliko mtu. Lakini vilipowekwa bega kwa bega, harufu haikumshinda mtu. Somo hapo ni kubwa: hata chambo bora kabisa kinatakiwa kikae mbali na ulipokaa wewe. Sembuse taa tupu uliyoiweka mezani.

Baadaye wakatengeneza sanduku la kuwekwa nje lenye harufu hiyo na kifaa cha sola. Mwaka 2016 wakachapisha toleo ambalo limefungwa nyaya za umeme. Ndiyo, nyaya zilezile za "cha!". Na lilivuta na kuua mbu wa nje. Kwa hiyo nyaya zinaua, hilo halina ubishi. Shida ni nani anayefika kwenye nyaya.

Hawakuishia kwenye mitego. Wamejaribu mapambo ya mkonge na gunia yaliyowekwa dawa ya kufukuza mbu, yakatundikwa kwenye baa za wazi Dar es Salaam. Wamejaribu makubazi yenye vipande vya gunia vilivyowekwa dawa, kwa sababu mbu anapenda miguu. Hivi vyote vinaanzia kwenye swali la mbu anamtafutaje mtu na wapi. Taa ya dukani haikuuliza swali hilo kabisa.

SEHEMU YA 10: SASA TUFANYE NINI NA HIYO FEDHA?

Mpangilio wangu ni huu, kwa mtu wa kipato cha kawaida, kuanzia la kwanza.

Moja, chandarua chenye dawa kisichotoboka, kwa kila sehemu ya kulala, pamoja na ile ya dungu shambani. Bado sehemu kubwa ya mbu wa malaria inauma usiku mkubwa watu wakiwa wamelala. Ukiziba nje ukaacha kitandani wazi umefunga dirisha umeacha mlango. Mjamzito na mtoto mdogo, ulizeni kliniki, vyandarua hutolewa.

Mbili, nyavu madirishani na kuziba ule upenyo kati ya ukuta na paa. Mbu wa malaria anapenda sana kupita pale. Kapige hesabu na fundi wako: fedha ya taa moja au mbili inaweza kufunika madirisha mangapi? Na wavu hauhitaji betri.

Tatu, kwa zile saa za nje: nguo ndefu, soksi kwa wanaokaa muda mrefu, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Paka miguu na vifundo, usipake uso tu. Kama una feni na umeme upo, ielekeze miguuni. Mbu ni mrukaji dhaifu, upepo unamshinda na unaisambaza harufu yako.

Nne, mazalia. Mjini, ndoo, matairi, vifuu, sahani za maua, kila wiki mwaga. Hapo unamshughulikia Aedesi wa dengi. Mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu, hapo yupo Kuleksi, yule anayepiga kelele sikioni, ambaye pia anaeneza matende. Kwa madimbwi ya kudumu, kiwanda cha Kibaha kinatengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi. Hiyo ni kazi ya halmashauri, na sisi wananchi tuna haki ya kuuliza imefikia wapi.

Tano, homa. Homa yoyote, hasa ya mtoto, nenda ukapime ndani ya saa 24. Usijali una taa, una chandarua au unalala kwenye jumba la vioo.

SEHEMU YA 11: KWA WAJUMBE WA KAMATI

Nimesema hawa ndio ninaowaandikia. Kwenye kikao kimoja ninachohudhuria, mjumbe amependekeza tununue taa hizi kwa fedha za michango, zitundikwe nje ya wodi ya wazazi, pale wanapokaa mama, shangazi na waume wakisubiri. Ni mzee ninayemheshimu, na nia yake ni njema kuliko ya wengi. Ameona watu wanaumwa na mbu usiku kucha nje ya hospitali, mahali ambapo wangepaswa kuwa salama. Amekasirika, na ana haki ya kukasirika.

Kikao kijacho nitampa maswali matatu, na nawapa na ninyi mkayaulize kokote mliko kabla fedha haijatoka.

La kwanza: kifaa hiki kinamwitaje mbu? Jibu likiwa ni mwanga peke yake, kikao kihamie ajenda inayofuata.

La pili: kilipojaribiwa, walihesabu nini? Muuzaji akikuonyesha picha ya kisahani kilichojaa wadudu, mwulize mbu jike wangapi humo, na watu waliokaa karibu waliumwa kwa kiasi gani.

La tatu: betri ikifa baada ya msimu mmoja, nani ananunua nyingine? Tumeshaona vifaa vingapi vimening'inia ukutani kama mapambo?

Mimi nitapendekeza hivi: fedha ileile tuezeke na kufunga nyavu ile baraza wanayokaa, kuta tatu na mlango wa kujifunga wenyewe. Ndugu akae ndani ya wavu huku anasubiri, na usiku akilala pale alale ndani ya wavu. Haitapiga kelele, haitapendeza kwenye picha za uzinduzi, lakini mama anayemsubiri mwanawe ajifungue hatarudi nyumbani na malaria aliyoipatia kituo cha afya.

Mwenye taa aliyefanya lile zoezi la sahani nyeupe, weka majibu yako hapo chini: wadudu wangapi, mbu jike wangapi, uko mkoa gani. Hata kama majibu yako yananipinga, weka. Na mwenye bei za nyavu na mafundi wa Morogoro na Ifakara naomba aniandikie, nazihitaji kabla ya kikao. Wiki ijayo nitaandika kuhusu dawa za mbu za kuwasha na moshi wake ndani ya chumba cha mtoto, maana na hilo mmeniuliza sana.

Usiku mwema. Shusheni vyandarua.